Turubai na Mfarishi wa Mama Mkwe

Turubai alivunjika nyonga lori likiwa limesimama, injini imezimwa na funguo ziko mfukoni. Alikuwa ameshuka milima ya kila namna, amevuka madaraja yaliyokuwa yakisombwa na maji, na safari moja alirudi na lori lisilo na breki kwa kucheza na gia peke yake. Kote huko hakuchubuka hata ukucha. Kisha asubuhi moja, ndani ya yadi ya tajiri wake, akishuka kutoka juu ya mzigo alioufunga kwa mikono yake mwenyewe, mguu wa kushoto ukakosa kikanyagio, mwili wote ukaja chini. Wapakiaji waliokuwa wakinywa chai nyuma ya ghala walidhani gunia limedondoka.

Jina la Turubai alipewa na wapakiaji hao hao. Hapakuwa na dereva aliyejua kufunika mzigo kama yeye. Mvua ingenyesha njia nzima na unga ungefika mkavu. Turubai likichanika, hakusubiri kufika mjini. Alitoa sindano ya magunia chini ya kiti, akakaa kando ya barabara na kulishona hapo hapo. Wengine walisema jina lilitokana na shati lake, ambalo lingetosha kufunika tela. Yeye aliyakubali maelezo yote mawili.

Daktari alimwambia kuwa mfupa utaunga, atatembea kwa magongo, baadaye kwa fimbo, lakini lori la safari ndefu asahau, maana mguu ule hautakubali tena klachi. Turubai alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Na huu wa kulia, wa mafuta?"

Daktari akasema huo ni mzima kabisa.

"Basi bado nina gari nusu," Turubai akasema, akaomba apelekwe nyumbani.

Nyumbani palikuwa na vyumba viwili na sebule, mwisho wa kichochoro chenye kamba nyingi za kuanikia nguo. Mkewe alikuwa mpishi wa shule. Alitoka jua halijachomoza na kurudi mchana umeinama, nywele zikinuka moshi. Watoto wao walikuwa wakubwa na kila mmoja alikuwa na mji wake. Kwa hiyo saa zote za mchana sebuleni walibaki watu wawili: Turubai, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, na mama mkwe wake.

Sasa, mkwe ni mkwe. Katika miaka yote ya ndoa, wawili hawa walijuana kwa salamu. Turubai akirudi safari aliinama mlangoni, "Shikamoo, Mama," naye akajibu, "Marahaba, baba, habari za njiani?" Habari za njiani zilikuwa nzuri siku zote, na mazungumzo yakaishia hapo. Hakuna aliyemkosea mwenzake, kwa kuwa hakuna aliyekaa karibu kiasi cha kukosea. Sasa walikaa pamoja kutwa, kiti kwa kiti. Turubai, ambaye barabarani aliyatukana mashimo kwa jina moja moja, sasa alipiga hata chafya kwa adabu. Mgongo ukimwasha, alivumilia mpaka mama mkwe aende uani.

Mama mkwe mwenyewe alikuwa mjane mwembamba mwenye mgongo ulionyooka, aliyelea watoto wake kwa kushona sare za shule. Alipohamia kwa binti yake alikuja na sanduku moja la nguo, gunia moja alilolisukuma chini ya kitanda, na cherehani. Ilikuwa cherehani ndogo ya umeme, ya kuwekwa mezani, nyeupe, ya aina ambayo watu huinunua kwa ajili ya kukunja pindo za suruali. Alikuwa ameifunika kwa kitambaa safi pale dirishani, na hakuigusa tena, kwa sababu macho yalikuwa yameingia ukungu. Mtoto wa jicho, walisema hospitali, na walisema pia kwamba huondolewa. Yeye alisema macho ni yake na kisu ni chao, kwa hiyo waachane kwa amani.

Asubuhi moja aliona haya kwa muda mrefu, kisha akanyoosha mkono wenye sindano kuelekea alipodhani Turubai amekaa.

"Baba, samahani. Hebu nipenyezee uzi. Kuna kifungo cha mkeo kimelegea."

Turubai akaichukua. Vidole vyake vilikuwa vinene kama mpini wa nyundo, lakini uzi uliingia mara ya kwanza. Mama mkwe akaupapasa, akakuta kweli umeingia.

"Nani alikufundisha?"

Ndipo Turubai akamweleza habari za maturubai: jinsi mshono wa mara moja unavyofumuka kwa upepo na ule wa kurudi nyuma unavyoshika, jinsi ya kupaka uzi nta ya mshumaa, jinsi ya kupima kiraka kiwe kikubwa kuliko tundu. Alizungumza mpaka kahawa ikapoa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mama mkwe kumsikia akisema sentensi tatu mfululizo. Alipomaliza, mama akainuka, akaingia chumbani akishikilia ukuta, akarudi akiliburuta lile gunia.

Ndani yake mlikuwa na kitambaa kilichokunjwa mara nyingi. Kilipofunguliwa kilifunika viti vyote viwili na meza, na bado kilitaka kwenda. Kilikuwa kimeungwa kwa viraka vidogo vya mraba, mamia kwa mamia: bluu ya sare, kijani cha mashati ya skauti, kahawia ya kaptula, na hapa na pale maua ya magauni ambayo mkewe Turubai aliyavaa alipokuwa mtoto. Mama mkwe alieleza kwamba alianza kukiunga wiki ile binti yake alipoolewa. Kilikusudiwa kuwa mfarishi wa kitanda chao, wa viraka juu, pamba katikati na kitambaa kingine chini, vyote vikishonwa pamoja ili pamba isikimbie. Viraka alivimaliza. Lakini alipoweka pamba, mzigo ukawa mnene, cherehani ndogo haikuupitisha. Fundi wa makochi mwenye cherehani kubwa alimwambia alete ashonewe, naye akakataa. Kazi aliyoianza yeye, fundi wa makochi aimalize? Akakunja, akatia guniani. Kisha macho yakaenda.

"Mfarishi bila pamba ni shuka yenye majivuno," alisema, akaanza kukikunja tena.

"Usikunje, Mama. Tutaushona."

"Nani na nani?"

"Mimi nitatoa macho na mguu. Mama atatoa akili."

Mama mkwe akaacha kukunja.

Jaribio la kwanza liliwaaibisha wote wawili. Mkewe aliwaletea pamba ya kutandika, ile inayouzwa kwa mita kama zulia, na kitambaa cha chini. Mama mkwe alitambaa sakafuni akibana pini kwa kupapasa, na Turubai, ambaye hakuweza kupiga magoti, alikaa kitini akinyoosha mikunjo kwa mpini wa ufagio. Walipomaliza wakaukunja mfarishi pande mbili kama mkeka na kuuingiza kwenye cherehani. Uwazi kati ya sindano na mwili wa cherehani ulitosha kupitisha ngumi ya mtoto. Nusu ya mfarishi ilitakiwa ipite hapo. Turubai akasukuma kwa bega, akaona kama umekubali, akakanyaga pedali namna alivyozoea kukanyaga mafuta kwenye mwinuko.

Cherehani ililia, sindano ikakatika, kipande kikaruka na kugonga sufuria. Harufu ya kuungua ikajaa sebule. Mama mkwe aliufuata waya kwa mkono mpaka ukutani na kuuchomoa.

"Hili si lori," alisema kwa utulivu. "Ukilikanyaga halipandi, linakufa."

Walipougeuza, upande wa chini ulikuwa umejikunja mikunjo mikubwa iliyoshonewa humo humo. Mkewe aliporudi kazini alitazama sakafu, akatazama mumewe, akatazama mama yake, akaenda kuoga bila kuuliza.

Turubai hakuwa mtu wa kulala na kushindwa. Kesho yake alikaa kizingitini na chai yake, akiwaza. Akakumbuka safari moja waliyopewa kupeleka mtambo wa kusaga kwenye kiwanda ambacho lango lake lilikuwa jembamba kuliko mtambo. Wengine walitaka kubomoa lango. Yeye alitaka bisibisi. Waliufungua mtambo, ukaingia kwa mafungu, ukaungwa ndani, na jioni ile ulisaga. Akainuka na magongo yake, akarudi sebuleni.

"Mama, tatizo si cherehani. Mzigo ni mpana kuliko lango. Tuugawe."

"Kuugawa vipi?"

"Mafungu matatu, kwa urefu. Kila fungu tulipe pamba yake na kitambaa chake cha chini, tulishone peke yake mpaka liishe. La katikati litapita, la pembeni litapita. Kisha tunayaunganisha."

Mama mkwe aliweka kiganja juu ya viraka na kukiacha hapo.

"Nimeunga hiki kitu kwa miaka, baba. Wewe unataka kukikata kabla ya chai ya saa nne."

"Sitaki kukikata, Mama. Nataka kilale kitandani."

Kichochoroni mtu alikuwa akikung'uta zulia. Turubai alikwisha kunyoosha mkono kwenye mkasi aliposikia, "Acha mkasi. Nipe wembe."

Kilichofuata Turubai hakukipenda hata kidogo. Bibi asiyeona mlango ulipo alishika wembe kwa vidole viwili, akautafuta mshono kwa kucha, akaanza kufumua, uzi mmoja baada ya mwingine. Hakugusa kitambaa hata mara moja. Alisema mkasi hula kitambaa, wembe hula uzi tu, na yeye viraka vyake anavijua kwa unene, sare ni nzito, gauni ni jepesi, hana haja ya kuviona. Aliporudi binti yake jioni, mfarishi ulikuwa mapande matatu, yamekunjwa vizuri mezani, na mama yake alikuwa akiimba.

Basi kazi ikaanza. Mama mkwe alimfundisha Turubai kulegeza mguu wa cherehani, ule unaobana kitambaa, ili usikandamize, kurefusha hatua ya mshono, kuanza katikati na kwenda nje ili hewa na mikunjo vitoke badala ya kufungiwa ndani. Alimfundisha kuacha upana wa vidole viwili pembeni bila kushona, kwa sababu hapo ndipo mafungu yatakapoungana. Turubai alijifunza kukanyaga pedali kwa ncha ya kidole gumba cha mguu. Alisema ni kama kupita na lori sokoni siku ya mnada. Fungu la upana ule liliingia chini ya mkono wa cherehani bila kugombana, likatoka upande wa pili limeshonwa mistari, laini, lenye uzito mzuri.

Kila mstari ulikaguliwa. Mama mkwe alipitisha kiganja upande wa juu, akaugeuza, akapitisha upande wa chini, na vidole vikisimama, Turubai alijua.

"Hapa umelala usingizi."

"Ni kidogo tu, Mama."

"Kidogo cha leo ndicho tundu la mwakani. Fumua."

Akafumua. Siku za mwanzo alifumua zaidi ya alivyoshona. Baada ya hapo vidole vya mama vilisimama mara chache, na ikafika siku vilipita fungu zima kutoka pembe hadi pembe bila kusimama, akasema tu, "Haya, niletee maji ya kunywa." Turubai aliyaleta maji yale akichechemea kwa madaha kama mtu aliyepandishwa cheo.

Madereva wenzake walisikia. Walikuja watatu kumjulia hali, wakamkuta ana pini mdomoni na kitambaa cha maua begani. Walikaa kwa adabu kwa ajili ya bibi, lakini macho yao yalikuwa yakicheka, na mmoja akashindwa, akauliza kama siku hizi anapokea pia magauni ya harusi. Turubai akatoa pini mdomoni, moja moja.

"Nilipokuwa nashona maturubai yenu huko porini, mlinishikia taa, hakuna aliyecheka," alisema. "Kazi ni ile ile, isipokuwa hapa nakaa kivulini."

Wakacheka wote, yeye akiwemo, na yule aliyeuliza akaomba kabla hajaondoka aangaliwe koti lake lililochanika kwapani. Mama mkwe alilishona mwenyewe kwa kupapasa, akamwambia apunguze kuinua mikono wakati wa kubishana.

Ukabaki muungano. Mafungu yangeunganishwa kwa kanda nyembamba za kitambaa, ukanda mmoja juu na mwingine chini, zikifunika mahali pamba za mafungu mawili zinapokutana. Mama mkwe alisema kanda ziwe rangi ya maziwa. Ndivyo alivyoupanga mfarishi ule tangu siku ya kwanza: viraka vipige kelele, kanda zinyamaze.

Turubai akaenda dukani kwa fimbo, safari yake ya kwanza ndefu tangu aanguke. Kitambaa cha rangi ya maziwa kilikuwepo. Kando yake kilikuwepo chekundu, chekundu cha kweli, kama mbavu za lori lililotoka kupakwa rangi. Alisimama mbele ya vitambaa viwili vile, na alichowaza anajua mwenyewe. Alirudi na chekundu.

"Umepata maziwa?" mama mkwe akauliza, akikisugua kitambaa kati ya vidole.

"Ni kitambaa kizuri, Mama. Hakichuji."

Mkewe alipokiona alimvuta uani. Alimwambia kwamba mama yake ni mtu wa kusamehe vingi lakini si kuchezewa, na amwambie ukweli kabla sindano haijashuka. Turubai akasema atamwambia. Hakusema lini. Kanda zikashonwa kwa cherehani upande mmoja, na upande wa pili mama mkwe akazikunja na kuzishona kwa mkono, mshono mdogo usioonekana, akijua kwa hakika kwamba zile zilikuwa kanda nyeupe. Mafungu matatu yakawa mfarishi mmoja. Walipoutandaza kitandani uligusa sakafu pande zote mbili, na mama mkwe aliupanda juu akalala chali katikati, viatu amevua, mikono ameitawanya.

Kisha akasema jambo ambalo hawakulitarajia.

"Ningependa kuuona."

Mkewe Turubai, ambaye alikuwa amemsihi mama yake juu ya macho mpaka akakata tamaa, alisimama wima. Lakini aliyeongea ni Turubai. Alikaa ukingoni mwa kitanda na kumwambia mama mkwe kwamba jicho ni kioo cha mbele cha gari. Kikichafuka, dereva mwenye akili hasimamishi safari na kuuza lori, hukifuta kioo. Watu wa hospitali hawataki kuchukua jicho lake, wanataka kufuta kioo. Alisema atampeleka mwenyewe, na atakaa naye mlangoni mpaka atoke. Alisema pia kwamba kama yeye alikubali kuwekewa chuma nyongani na akarudi kushona mfarishi, bibi aliyeshika wembe bila kuona hana cha kuogopa. Mama mkwe alisikiliza akitazama dari ambayo haioni.

"Nitakwenda," akasema.

Walipobaki wawili, mkewe alimtazama Turubai kwa huruma iliyochanganyika na kicheko.

"Unajua ulichofanya? Siku akifunguliwa macho, kitu cha kwanza atakachodai ni mfarishi."

"Najua."

"Na bado ukamsukuma."

"Ningemwacha kipofu kwa sababu ya kitambaa?" Turubai akasema. "Acha nigombezwe na mtu anayeona."

Jicho la kwanza lilifanyiwa upasuaji, likapona, kisha la pili. Turubai alikuwa mlangoni mara zote mbili, fimbo mkononi, akiwasumbua wauguzi kwa maswali. Bandeji ya mwisho ilipoondolewa, mama mkwe alitazama mikono yake mwenyewe kwanza, akashangaa ilivyozeeka. Akamtazama binti yake na kumwambia amekonda. Akamtazama mkwe wake, kuanzia juu mpaka chini, safari iliyochukua muda.

"Kumbe ni mtu mkubwa hivi," alisema. "Mara ya mwisho ulikuwa ukungu tu. Twendeni nyumbani nikaone mfarishi wangu."

Alisimama miguuni mwa kitanda bila kuguswa na mtu. Zile kanda nyekundu zilikatiza viraka kutoka juu hadi chini, hazikujificha. Macho yake yalizifuata polepole, moja, kisha nyingine. Turubai alikuwa amesimama pia, ingawa nyonga ilimwambia akae.

"Nilisema maziwa."

"Ndiyo, Mama."

"Nikakuuliza, ukanijibu habari za kuchuja."

"Ndiyo, Mama. Niliipenda nyekundu. Nilikosa."

Mama mkwe akageuka kumtazama, na hakuwa amekasirika kwa namna ambayo Turubai alijiandaa nayo.

"Ungeniambia unaipenda nyekundu, tungebishana, na labda ungeshinda. Macho ndiyo yaliyokuwa hayaoni, baba. Mimi nilikuwepo."

Turubai alisema kwamba atafumua kanda zote na kununua maziwa, leo hii. Mama mkwe akasema vizuri, afumue.

Alianza siku hiyo hiyo, kwa wembe, namna alivyofundishwa. Mama mkwe alivuta kiti akamtazama, akifurahia, ilionekana, zaidi kuona kuliko kazi yenyewe: uzi ukikatika, vumbi kwenye mwanga wa dirisha, jasho kwenye paji la mkwe wake. Ukanda wa kwanza ulipotoka, alichukua kitambaa cha rangi ya maziwa ambacho mkewe Turubai alikuwa amekifuata dukani, akakikunja upana wake na kukilaza mahali pale. Akarudi nyuma. Akasogea upande. Akafumba jicho moja kisha la pili, kwa kuwa sasa alikuwa na anasa ya kuchagua. Viraka vilivyokuwa vikipiga kelele vilikuwa vimenyamaza vyote, kama darasa ambalo mwalimu mkuu ameingia.

Akakiondoa kile cheupe, akakikunja. Akaokota ukanda mwekundu sakafuni na kumrushia Turubai mapajani.

"Rudisha."

"Mama?"

"Rudisha, nimesema. Ila safari hii unyooshe. Mwanzo ulipinda pale karibu na gauni la njano, vidole vyangu vilinidanganya."

Turubai aliurudisha, ukanyooka. Mfarishi ukalala kitandani, na mkewe, ambaye miguu yake ilipata baridi hata wakati wa joto, alisema tangu aolewe hajawahi kulala vizuri hivyo.

Sasa hadithi ingeweza kuishia hapo, lakini mama mkwe alikuwa na macho mapya na cherehani ni yake. Asubuhi moja Turubai alimkuta ameketi cherehanini. Alikuwa akiunga viraka vya mfarishi mwingine, haraka, bila pini, sindano ikienda kama mvua ya kwanza kwenye bati. Turubai alimsifu, akakaa kwenye kiti chake cha zamani, akanyoosha mguu juu ya kigoda. Siku ile alikaa. Siku ya pili alipanga upya vikombe kabatini. Ilipofika mwisho wa juma alikuwa ametengeneza bawaba za milango yote ya nyumba na za majirani wawili, na mkewe akasema mtu huyu atatupandisha wazimu.

Aliyemwokoa ni mama mkwe mwenyewe, au mgongo wake. Kuunga viraka kulimfaa, lakini fungu lenye pamba lilihitaji mtu wa kulibeba, kulisukuma na kulizuia, na baada ya mistari michache alisimama ameshika kiuno. Alimtazama Turubai aliyekuwa akijifanya anasoma gazeti.

"Asubuhi mimi naunga," alisema. "Mchana cherehani ni yako, shona mafungu. Na ukiniletea rangi, tuijadili kwanza."

Hivyo ndivyo walivyogawana siku. Mfarishi wa pili ulichukuliwa na muuguzi wa pale macho yalipofanyiwa upasuaji, wa tatu akauomba mwalimu mkuu wa shule ya mkewe kwa ajili ya binti yake aliyekuwa akienda chuo. Watu walipouliza inawezekanaje kitu kikubwa hivi kutoka kwenye kicherehani kile, Turubai aliwaonyesha, kwa furaha na kwa sauti, jinsi ya kugawa mzigo. Aliwaonyesha hata ambao hawakuuliza.

Mvua zilipoanza, tajiri wa malori alikuja mwenyewe, gari likabaki barabarani kwa kuwa kichochoro hakikulitosha. Alikaa sebuleni kati ya mafungu mawili ya mfarishi na kusema ana nafasi ya msimamizi wa yadi, kazi ya kukaa, heshima ipo, na wapakiaji wamemkumbuka. Zamani Turubai angeirukia nafasi hiyo kama samaki. Alimshukuru kwa dhati, akamuuliza habari za malori yote kwa majina yake, akamwambia kuwa breki za lile la kijani zisiaminiwe. Kisha akasema hawezi. Ana kazi.

Tajiri alidhani ni adabu ya kukataa ili abembelezwe, akamgeukia bibi.

"Mama, mwambie mwanao. Hii ni nafasi nzuri."

Mama mkwe hakuinua macho kutoka kwenye viraka vyake.

"Ni nzuri, baba, nami nakushukuru kwa kumkumbuka," alisema. "Lakini huyu nimemfundisha mwenyewe, na mafunzo bado hayajaisha. Itafutie nafasi hiyo mtu asiye na ufundi."

Tajiri alipoaga, Turubai alimsindikiza mpaka kwenye gari bila kuchukua fimbo. Aliporudi alikuta mama mkwe ameshapanga mbele yake vitambaa viwili vya kanda, kimoja njano, kimoja bluu iliyoiva, akimsubiri wabishane.